Tusione haya kuzisoma nyota kwa Kiswahili

Wengi hudhani kuwa lililo gumu katika kuandaa masomo ya elimu ya nyota kwa Kiswahili ni hesabu. Mimi si mtaalamu wa falaki. Ni mwalimu wa isimu ambaye jioni, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, huandika masomo mafupi na kuyaweka katika tovuti ndogo ninayoiunda kwa ridhaa tu. Kazi hiyo imenifunza kuwa kikwazo kikubwa si uhaba wa maneno, bali ni mazoea yetu ya kuyapuuza tuliyo nayo.

Wapo wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi hii. Dai hilo halina msingi. Mabaharia wa pwani yetu walizifuata nyota kabla ya kujengwa shule za kisasa. Sayari zionekanazo kwa macho matupu zina majina: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kile kishada cha nyota kiitwacho Kilimia kilimwongoza mkulima. Jina lenyewe latokana na kulima, na Wazulu wa Afrika Kusini hukiita isiLimela kwa asili iyo hiyo.

Hata hivyo, urithi usiotunzwa hupotea. Nimewahi kusoma maandishi ambamo Zohali imeitwa Sarateni, ilhali neno hilo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya kaa, na ni jina la mojawapo ya buruji kumi na mbili. Aidha, neno unajimu hutumiwa kwa sayansi ya nyota na kwa utabiri pia, hata anayetafuta elimu akaishia kutabiriwa ndoa. Kwa sababu hiyo, elimu mimi huiita falaki, na utabiri nikauachia unajimu.

Kasoro nyingine ni kufuata vitabu vya ugenini bila kuitazama mbingu iliyo juu yetu. Vitabu vya Ulaya aghalabu humwanzisha msomaji kwa Nyota ya Kaskazini. Mtoto wa Nairobi, aliye kusini kidogo mwa Ikweta, atakesha bure akiitafuta, kwani iko kwenye upeo wa macho na haionekani. Basi na aanze kwa Kilimia, kinachopanda mashariki jioni za Novemba, au kwa Msalaba wa Kusini jioni za Mei.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Wamarekani walioimiliki waliiita Uhuru. Orodha ya mwisho ya vyanzo vya miale hiyo ilivyovigundua, 339 kwa jumla, ingali ikijulikana kwa jina hilo. Ikiwa wanafalaki wa dunia nzima hulitamka neno letu pasipo haya, sisi twaogopa nini?

Walimu wa sayansi na wa Kiswahili hawana budi kuketi pamoja na kukubaliana juu ya istilahi, kabla kila mwandishi hajabuni zake. Mbingu hazidai karo. Zinamhitaji mtu wa kuzieleza, kwa lugha ambayo mtoto na nyanya yake wataielewa wote wawili.