Surua Huwasahaulisha Walinzi wa Mwili



Katika kijiji ninachofanya kazi wazee husema, "Mtoto akishapita surua, amekomaa." Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati, tena kijana. Kubishana na wazee si adabu. Lakini katika neno hili nusu ni kweli, na nusu inaua watoto.

Kwanza tuutazame mwili. Ndani ya damu yako zimo chembe nyeupe. Ni ndogo sana, huwezi kuziona kwa macho. Kazi yake ni ulinzi, kama sungusungu. Nyingine huzunguka usiku na mchana na kushambulia vijidudu vigeni. Umewahi kuchomwa na mwiba, kidole kikatunga usaha? Ndani ya usaha ule mna chembe nyeupe nyingi zilizokufa vitani. Na mtoki unaovimba kinenani mguu ukiwa na kidonda, ni kituo cha walinzi hao. Umevimba kwa sababu wamekusanyika hapo.

Wako walinzi wengine ambao kazi yao ni kukumbuka. Mwizi wa ng'ombe akija mara ya kwanza hajulikani. Huvunja zizi kabla watu hawajaamka. Akirudi mara ya pili nyayo zake zinajulikana, na yowe hupigwa mara moja. Walinzi hawa wana silaha ya kila ugonjwa mbali. Silaha ya surua haiwezi kupiga tetekuwanga.

Hapa wazee wana haki. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa huko. Watu walikuwa karibu 7,800, na zaidi ya 6,000 waliugua. Lakini wazee waliowahi kuugua surua mwaka 1781 hawakuguswa. Miaka 65 ilikuwa imepita, na miili yao bado ilikumbuka.

Sasa nusu ya pili. Kijidudu cha surua kina hila. Huwaingia wale walinzi wanaokumbuka na kuwaua. Mwili hutengeneza walinzi wapya. Hao wanaijua surua, lakini wezi wengi wa zamani hawawajui tena. Mwaka 2019 wataalamu walitoa habari za watoto wa Uholanzi waliopimwa damu kabla ya surua na baada yake. Watoto hao hawakuwa wamechanjwa. Walikutwa wamepoteza kati ya sehemu 11 na sehemu 73 katika kila sehemu 100 za silaha zao za zamani. Hali hiyo inaweza kudumu miaka miwili au mitatu.

Mimi nililiona jambo hili kabla sijalielewa. Mtoto mmoja wa miaka miwili alipona surua. Nikamwambia mama yake, "Ameshinda, nendeni nyumbani." Sikumwambia lolote zaidi. Baada ya miezi miwili mtoto alishikwa na homa ya mapafu. Aliletwa siku ya tatu, akafariki. Msibani watu walisema amerogwa, maana surua ilikuwa imekwisha. Wakamtaja bibi mmoja jirani. Bibi yule hana kosa. Neno nililompa yule mama ndilo lilikuwa pungufu.

Chanjo ya surua ina vijidudu vya surua vilivyodhoofishwa. Ni kama kumleta mwizi amefungwa kamba, sungusungu wote wamtazame sura. Wanajifunza bila zizi kuvunjwa, wala hawasahau wezi wengine. Mtoto akipata homa kidogo baada ya sindano, ni walinzi wako kazini.

Mama mmoja aliniuliza, kwa nini tunangoja miezi tisa? Swali zuri. Mtoto huzaliwa na silaha alizopewa na mama yake tumboni. Hizo hupungua mwezi hadi mwezi. Ukichanja mapema mno, silaha za mama huiua chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza.

Na kwa nini arudi tena akiwa na miezi 18? Kwa sababu katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, kama 15 chanjo haiwashiki. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Kwa hiyo wote warudi.

Wazazi wengi huja mara ya kwanza, kisha kadi inafungiwa sandukuni. Najua sababu. Kuna palizi, kuna mwendo mrefu, kuna foleni yetu ambayo kweli inachosha. Na kuna baba anayesema, "Si ameshachomwa huyu?"

Baba, kadi ile si ya mama peke yake. Itoe leo uisome, maana sasa unajua kusoma. Tafuta mahali palipoandikwa miezi 18. Kama pako wazi, mlete mtoto, usione haya kwamba amechelewa. Na kama mtoto wako ameugua surua mwaka huu au mwaka jana, akianza kukohoa, kuhara au kupumua haraka, mlete siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya tatu. Ukifika, niambie kwanza kwamba aliugua surua.