Mchungaji Akipandishwa Kizimbani, Watazameni Watoto

Ndugu zangu wa Buza, Mbagala, Manzese, Tegeta na Bunju, hili ni la haraka. Siku mwanzilishi wa kanisa au taasisi yenu ya dini anapofikishwa mahakamani, hatari kubwa inabaki mtaani, kwa wale walioachwa kumtetea. Wiki hizo ndizo uongozi uliobaki huitisha mifungo, michango na ahadi za utii kwa jina lake.

Jirani zetu wameyaona. Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International la Malindi, Kenya, alikamatwa mwaka 2017 kwa sababu ya shule isiyosajiliwa na mafundisho ya kuwatoa watoto darasani. Wafuasi hawakumwacha. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusiana na vifo vya watoto wawili vilivyotokana na njaa, akaachiwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata polisi waliingia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, walikokuwa wafuasi wake, na kuanza kufukua makaburi. Miili ilipita 400, na baadaye akashtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Mackenzie amekana mashtaka.

Lakini tazameni yaliyotokea yeye akiwa tayari mahabusu. Juni 2023 waumini 65 waliookolewa msituni walikataa kula, wakapelekwa mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua. Kisha, mwaka 2025, makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, hukohuko Kilifi, yakatoa miili zaidi ya 30, na wachunguzi wakawahusisha washukiwa na mafundisho yaleyale ya Mackenzie. Mtu alikuwa ndani zaidi ya miaka 2. Mafundisho yalikuwa bado yanatembea.

Msiseme hayo ni ya Kenya. Februari 2022, jijini Mwanza, polisi walikwenda nyumbani kwa Diana Bundala, anayejiita Mfalme Zumaridi, wakifuata taarifa za watu na watoto waliokuwa wakizuiliwa humo. Waumini wakapambana nao, na makumi yao wakapandishwa kizimbani pamoja naye. Na hapa Temeke, Julai 2024, Msajili wa Jumuiya alilifuta kanisa la Christian Life la Buza, la mhubiri aliyejulikana kama Kiboko ya Wachawi, kwa sababu zilizojumuisha kuwatoza watu shilingi 500,000 kwa maombezi.

Simwambii mtu amtelekeze kiongozi wake. Mashtaka si hukumu, na masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi kabla kesi yao haijafutwa Juni 2021. Waliosimama nao walifanya jambo la haki. Mwekeeni mtu wenu wakili, mpelekeeni chakula, jaeni mahakamani kila kesi inapotajwa.

Mkiona haya, hata hivyo, simameni. Mchango wa kesi unatumwa kwenye simu ya mtu binafsi, si akaunti ya taasisi. Wazee wanakwenda usiku kwa binti aliyelalamika ili "kuyamaliza kifamilia". Kumtisha au kumhonga shahidi ni jinai, hata mkitanguliza sala. Familia zinashauriwa kuuza viwanja Chamazi au Bunju na kuhamia shamba ambalo ndugu hawaruhusiwi kufika. Na linalonitia hofu kuliko yote: mfungo usio na siku ya mwisho, unaowahusu na watoto. Mtoto hana nadhiri ya kutimiza kwa ajili ya kesi ya mtu mzima. Anayemnyima chakula kwa jina la mchungaji anamwua, awe mama yake mzazi.

Wajumbe wa bodi ya wadhamini, mnayo mamlaka. Mwondoeni mshtakiwa kwenye fedha na huduma za watoto hadi mahakama iamue, na mlitangaze hilo mbele ya waumini wote. Akiwa hana hatia, atarudi. Mkinyamaza na watoto wakadhurika, mtakuwa mmeshiriki.

Majirani nao wana wajibu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake aziripoti serikali za mitaa. Mtoto wa jirani akipotea shuleni, au akionekana anakonda huku wazazi wakisema yuko kwenye maombi, nenda kwa mtendaji wa mtaa, kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Simu namba 116 haitozwi. Piga leo, usingoje ibada ya Jumapili.