Jicho Latoa Habari za Mguu



Wapenzi wasomaji, ni nadra siku hizi kuingia katika nyumba ya mwambao usikute vidonge vya sukari juu ya kabati. Maradhi haya tumeyazoea hata tumeyapa jina la upole: twasema fulani "ana sukari", kana kwamba amejaaliwa kitu kitamu. Habari za figo na macho kuharibika wengi wameshazisikia. Lakini ni machache yasemwayo juu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka kwenye ubongo habari za joto, baridi na maumivu. Wiki hii twapenda kuzungumza juu ya neva hizo, na juu ya njia ambayo wataalamu wameipata ya kuzitazama kupitia jicho.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda wa miaka, huzidhuru neva. Zilizo ndefu kupita zote ndizo hutangulia kudhurika, na ndiyo sababu taabu huanzia vidoleni mwa miguu. Mama hulalamika kwamba nyayo zamuwaka moto usiku, na hata shuka ikimgusa yamchoma. Mwengine hahisi lolote, na huyo ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa kuwa hukanyaga msumari asijue, na kidonda kikaoza akidhani mguu ni mzima. Mara nyingi aila husema, "Ni uzee tu," na shauri likaishia hapo.

Mtu atauliza: je, hakuna dawa? Dawa za kutuliza maumivu hayo zipo, na zinawafaa wengi. Lakini kutuliza uchungu si kuirudisha neva iliyokufa. Lililothibiti ni kuidhibiti sukari mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993 baada ya kuwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba udhibiti mkali wa sukari hupunguza maradhi ya neva kwa kiasi cha asilimia 60. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kilichoenea kwa watu wazima, faida hiyo kwa neva ni ndogo zaidi. Zimejaribiwa pia dawa za kukizuia kimeng'enya kinachoigeuza sukari ndani ya neva. Nyingi ziliachwa njiani, na moja, epalrestat, hutumika Japani.

Kwa nini jitihada nyingi zimeshindwa? Sababu ni zaidi ya moja, lakini kubwa miongoni mwazo ni kwamba mizani yenyewe ilikuwa na kasoro. Mwenye kuijaribu dawa hana budi awe na njia ya kujua kama inafaa. Tabibu alimdunga mgonjwa kwa ncha ya sindano, akamwekea chuma kitikisikacho, akamuuliza wahisi nini. Jibu hutegemea mgonjwa na siku yake. Au alipitisha umeme mdogo katika neva ili apime kasi yake. Kipimo hicho ni cha kuaminika, lakini chapima neva nene, hali ya kuwa zile nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, mara nyingi ndizo zinazotangulia kuharibika na ndizo zinazoweza kuchipua upya mapema. Njia ya tatu ni kukata kipande cha ngozi cha milimita 3 na kuzihesabu neva zake. Hiyo yaonyesha neva nyembamba barabara, lakini ni nani atakayekubali kukatwa tena na tena kila baada ya miezi michache?

Hapo ndipo jicho linapoingia. Mbele ya jicho pana utando mwangavu uitwao konea, ulio mfano wa kioo cha saa. Konea haina mishipa ya damu, lakini imejaa neva kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, na ndiyo maana chembe moja ya mchanga yatosha kumliza mtu mzima. Neva zake ni nyembamba, za jamii ile ile inayoharibika miguuni. Na kwa kuwa utando wenyewe ni mwangavu, mtu anaweza kuziona neva hizo zikiwa hai, bila kisu.

Chombo chenyewe ni hadubini ya konfokali, ambayo huzuia mwanga wa tabaka nyingine na kuonyesha tabaka moja tu kwa uwazi. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, akaweka kidevu mahali pake, na kifuniko chenye jeli kikagusa jicho kwa dakika chache. Picha inayotoka huonyesha nyuzi nyeupe juu ya weusi, mithili ya mizizi ya mkoko maji yakikupwa. Kwa mtu mzima wa afya nyuzi huwa nyingi na ndefu, zenye matawi. Kwa mwenye maradhi ya neva hupungua na kukatikakatika. Mwaka 2003, Rayaz Malik na wenzake wa Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba upungufu huo waenda sambamba na ukali wa maradhi ya neva za mwili. Baadaye Malik aliiendeleza kazi hiyo mjini Doha, mji ambao vijana wetu wengi wanaujua kwa ajira.

Sasa tuangalie faida yake kwa tiba. Huko Manchester walifuatiliwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliopandikizwa kongosho na figo kwa pamoja, sukari yao ikarudi kawaida. Ndani ya mwaka wa kwanza neva za konea zilikuwa zimeanza kuchipua, ilhali vipimo vya miguu na vya ngozi havijabadilika. Dalili zilipungua baadaye, na kufika mwaka wa tatu kasi ya neva za miguu nayo ilikuwa imepanda. Lau wangetegemea kipimo cha umeme peke yake, baada ya mwaka mmoja wangesema tiba haikufaa kitu. Jicho lilikuwa limekwisha kutoa habari.

Hata hivyo twahadhari tusivuke mpaka. Picha si tiba, na nyuzi kuongezeka katika konea hakumaanishi kwamba nyayo za mama zimeacha kuwaka. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani dawa iidhinishwe kwa ushahidi wa picha, na sisi twaona wana haki. Mgonjwa hataki neva nzuri kwenye karatasi. Ataka alale usiku na atembee bila kidonda. Thamani ya picha ni kumwambia mtafiti mapema dawa ipi yastahiki kuendelezwa na ipi iachwe, ili asipoteze miaka na mali.

Kwa upande wetu majumbani, tuyashike mambo matatu. Kwanza, kipimo hiki si kile cha retina, nyuma ya jicho, ambacho kila mwenye kisukari yampasa akifanye kila mwaka au kama alivyoelekezwa na daktari. Aliyepimwa konea kwa utafiti asidhani amekwisha kupimwa retina.

Pili, mgonjwa wenu akiombwa kuingia katika utafiti, msikatae kwa hofu wala msikubali kwa haya. Ulizeni: ni dawa gani, inatazamiwa kufanya nini, madhara yake ni yapi, na je, anaweza kujitoa akitaka? Mtafiti mwaminifu atajibu yote bila kuchoka.

Tatu, miguu yenyewe. Twaiosha kwa udhu kila siku, basi na tuitazame. Binti ainame aangalie nyayo za mama yake na baina ya vidole, apakaushe vyema, na ayajaribu maji ya moto kabla ya mama kuyatia mguu. Sakafu ya ua wakati wa adhuhuri isikanyagwe peku na mtu asiyehisi joto. Na mama akisema nyayo zamuwaka, asiambiwe ni uzee. Apelekwe kwa daktari, na daktari aambiwe waziwazi.

Wabillahi tawfiq.