MAONI: Kabla hujafunga safari kutazama sherehe za wenzetu, keti na nyanya yako

Kama unaishi Kisii au Nyamira na una simu, basi unaujua msimu wa kupanga safari. Kikundi cha WhatsApp kinaundwa. Mmoja anatuma nauli ya basi, mwingine anatuma picha za bahari, na kabla wiki haijaisha watu 12 wamesema "niko ndani" ilhali waliotuma pesa ni watatu. Mara hii ni Makunduchi, Zanzibar, kuona Mwaka Kogwa. Wengine wanasema Mbale, Uganda, kuona Imbalu. Na mwenye mfuko mzito kidogo ameshaanza kuuliza bei ya ndege kwenda Ethiopia, akacheze Timkat kule Gondar mwezi wa Januari.

Nenda. Siandiki haya kukuzuia. Kijana ambaye hajavuka hata mpaka mmoja hudhani dunia nzima inapika ugali kama kwao. Tena siku hizi hata kisingizio cha karatasi hakipo. Uganda unaingia kwa kitambulisho chako tu. Tanzania na Ethiopia unahitaji paspoti, lakini viza Mkenya haombi. Kilichobaki ni nauli na ruhusa ya mama.

Ila kuna swali moja utaulizwa huko, na ningependa ulisikie mapema ukiwa bado nyumbani, kabla halijakukuta mbele ya watu.

Chukua Makunduchi. Kila Julai watu wa huko, kusini mwa Unguja, huukaribisha mwaka wao mpya. Wanaume wa upande mmoja wa mji hupambana na wa upande wa pili kwa mashina ya migomba. Wanachapana kweli, lakini lengo si kuumizana, ni kutoa kinyongo cha mwaka mzima ili mwaka unaoanza usirithi ugomvi. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita wakiimba wakiwa wamevaa walivyojaliwa. Kisha watu hula, na ni vibaya mtu kukosa mgeni siku hiyo, kwa hiyo wewe uliyetoka Keroka na begi mgongoni utavutwa mkono uingie nyumbani kwa watu usiowajua.

Utakula pilau. Utashiba. Halafu mama mwenye nyumba, kwa ukarimu tu, atakuuliza: "Na kwenu, mwanangu, mwaka mnauanzaje?"

Sasa hapo ndipo maneno huisha. Utasema nini? Kwamba sisi huenda kesha, halafu tunapiga fataki? Migomba tunayo kuliko Makunduchi. Ukisimama popote Gusii ukatupa jiwe, litaangukia mgomba. Lakini mgomba wetu ni ndizi za kupeleka soko la Daraja Mbili basi. Hauna siku yake.

Najua utaniambia, "Sisi tulikuwa na ribina." Vizuri. Ribina ilikuwa ngoma ya wanawake, iliyofungamana na mvua na mavuno. Je, umewahi kuiona? Simaanishi kwenye tamasha la muziki la shule, mbele ya majaji walioshika kalamu, wala uwanjani Gusii wakati gavana anasubiriwa na jua linawaka. Namaanisha ribina iliyochezwa kwa sababu mvua imechelewa na wanawake wa mlima mmoja wameamua kutoka. Mimi sijaiona. Nina hakika wengi wenu pia hamjaiona. Obokano, kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti ya kunguruma, wengi tunakijua kwa kukisikia redioni kabla ya taarifa ya habari. Na tohara ya wavulana, ambayo bado inajaza barabara zetu mwezi wa Novemba na Disemba, nyingi imehamia hospitalini. Esimbore inaimbwa bado, lakini muulize anayeiimba maana ya maneno yake, atakuambia, "Wee imba tu."

Mtu akihojiwa kuhusu haya, jibu lake huwa tayari mdomoni: sisi ni Wakristo. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka 1912, na tangu hapo mambo ya mababu tukaambiwa ni ya giza. Ni kweli dini ilibadilisha mengi, na mengine ilifaa yabadilike. Lakini safari hiyo hiyo unayoipanga ndiyo itakayokuonyesha kuwa jibu hilo halitoshi.

Makunduchi ni Waislamu. Wanaswali, wanafunga, na Mwaka Kogwa wanao. Bamasaba wa Mbale wana makanisa na misikiti kama sisi, na bado Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili Imbalu hufunguliwa pale Mutoto, ngoma za kadodi zikilia, vijana wakipita kwa wajomba na mashangazi wakiwa wamepakwa unga. Ndugu zao Wabukusu, hapa hapa Kenya, hufuata kalenda hiyo hiyo. Huko Gondar nako Timkat si sherehe iliyojificha kanisani isionwe, ni sherehe ya kanisa lenyewe. Makasisi hubeba tabot vichwani hadi kwenye maji, watu wanakesha, asubuhi maji yanabarikiwa na kila mtu anataka kulowa. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2019. Hakuna aliyewalazimisha kuchagua kati ya msalaba na ngoma.

Wala usiniambie hatujui kukusanyika. Kila Agosti Waadventista wetu hujaa kwenye makambi: mahema, kwaya, watoto wa Nairobi waliorudi nyumbani, vyakula kwenye sufuria kubwa. Tarehe 3 Juni kuna Wakatoliki wanaovuka mpaka kwenda Namugongo, wengine kwa miguu, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Na matanga je? Kijiji kizima kinafika, hema linakodiwa, mabasi yanatoka Nairobi usiku. Tunajua sana kukusanyika. Ni kwamba tumeacha kukusanyika kwa jambo la furaha ambalo ni letu wenyewe, na lenye tarehe. Imbalu ina Agosti yake. Timkat ina Januari 19. Ribina haina siku, na kitu kisicho na siku hakiwezi kualika mgeni.

Lakini tarehe si shida kubwa. Tarehe tunaweza kuipanga kesho. Shida ni hii: hata tukipanga, ni nani atakayetufundisha?

Hapa naomba usiruke aya.

Anayejua ribina ni mwanamke mzee. Ndiye anayejua nani alitangulia kuimba na nani aliitikia, pombe ya wimbi ilipikwa siku ngapi kabla, nani hakuruhusiwa kusimama karibu na nani kwa sababu ya chinsoni, ile heshima ya rika na rika ambayo Mgusii aliinyonya pamoja na maziwa. Hakuna maktaba iliyo na hayo yote. Yamo ndani ya kichwa cha magokoro wako, anayeishi peke yake kwenye nyumba ya mabati chini ya shamba, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Na wewe unajua vizuri jinsi macho hayo mekundu yanavyosemwa kwetu.

Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe walivamiwa, wakapigwa na kuchomwa moto kwa kushukiwa kuwa wachawi. Wanne, siku moja. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2008 wazee zaidi ya 10 waliuawa kwa moto katika eneo letu hili hili kwa tuhuma hizo hizo. Mara nyingi ukifukua chini ya neno "uchawi" unakuta shamba linalogombaniwa, au ugonjwa ambao familia haikuuelewa. Na kundi linalovamia boma la mzee halishuki kutoka mbinguni. Ndani yake mna vijana wa rika letu, wenye simu kama zako, wanaoweza kuwa kwenye kikundi kile kile cha kupanga safari.

Basi fikiria ujinga wenyewe ulivyo. Tunachanga pesa tuvuke bahari tukawasikilize nyanya za wenzetu wakiimba, tuwapige picha, tuandike "utamaduni ni mali" chini ya picha. Tukirudi nyumbani, nyanya yetu akitoka nje jioni kutafuta kuku wake aliyepotea, tunaulizana kwa sauti ya chini anatafuta nini gizani. Jamii inayowaogopa wanawake wake wazee haiwezi kuwa na sherehe ya jadi, hata serikali ya kaunti ikitenga bajeti na kujenga jukwaa la dhahabu. Kila mzee anapochomwa, au anapojifungia ndani kwa hofu na kunyamaza, wimbo fulani unaisha bila hata tangazo la kifo redioni.

Kuna watakaosema, "Wewe unataka turudishe kila kitu cha zamani." La. Ukeketaji wa wasichana ulikuwa na nyimbo zake na karamu zake pia, tena za kupendeza. Sheria iliupiga marufuku mwaka 2011, na bado unafanywa Kisii na Nyamira, sasa kwa siri na wakati mwingine kwa mkono wa mhudumu wa afya. Huo uachwe uzikwe, na usichimbuliwe kwa jina la utamaduni. Lakini hata kujua cha kuacha na cha kubeba kunahitaji mtu aliyekuwepo akueleze. Usipokaa na wazee, utabaki na mawili: kutupa vyote, au kubeba vyote ukiwa umefumba macho.

Kwa hivyo, rafiki yangu, safari yako iendelee. Naomba tu uifanye kwa mpangilio huu.

Kwanza, kabla ya kutuma pesa ya basi, enda kwa nyanya. Beba sukari na majani chai, mwanamke wa Gusii hatembelewi mikono mitupu. Usianze na kamera. Muulize mvua ilipochelewa enzi za usichana wake watu walifanya nini. Muulize nani alikuwa mwimbaji hodari mlimani kwao. Akikataa kuimba kwa sababu kanisa lake halipendi, heshimu, mwombe akueleze tu kwa maneno. Akikubali, omba ruhusa urekodi kwa simu, na uandike jina lake na la kijiji chake. Ile simu ina nafasi ya video 400 za mambo yasiyo na maana, haitashindwa na dakika 20 za magokoro.

Pili, ukifika Makunduchi, Mbale au Gondar, usiwe mtalii wa kupiga picha na kuondoka. Uliza mambo ya nyuma ya pazia. Nani hupanga siku? Nani hutoa chakula? Vijana hufundishwa na nani, lini? Waliwezaje kuelewana na shehe au padri? Wenyeji watakueleza kwa furaha, kwa sababu wageni wengi hawaulizi hayo. Hiyo ndiyo zawadi ya kurudi nayo, kuliko kofia na shanga.

Tatu, ukirudi, usiipeleke hadithi TikTok peke yake. Mrudie nyanya umsimulie ulichokiona. Mwambie kuna mahali watu wanachapana na migomba ili wasameheane. Atacheka mpaka meno yaliyobaki yaonekane. Halafu, nakuhakikishia, atakuambia jambo ambalo mara ya kwanza hakukuambia, kwa sababu sasa amejua unasikiliza. Na majirani wakikuona umekaa pale mlangoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, watajua mzee huyo ana watu. Mzee mwenye watu si rahisi kuvamiwa. Huo ni ulinzi usiogharimu hata shilingi ya mafuta.

Gusii haikosi vya kuonyesha mgeni. Tuna mawe ya Tabaka ambayo mafundi wetu huchonga na kuuza hadi ng'ambo. Tuna mlima wa Manga, ukisimama juu yake unaona nchi hadi macho yachoke. Tuna watu wetu wengi Minnesota, Marekani, wenye watoto wanaouliza kila siku "sisi tunatoka wapi hasa", ambao wangepanda ndege kuja kama tungekuwa na siku ya kuwaalika. Kitu ambacho hatuna ni jibu la lile swali la mama wa Makunduchi.

Jibu hilo halipo Zanzibar wala halipo Ethiopia. Liko chini ya shamba, kwenye ile nyumba yenye moshi. Nauli yake ni kilo moja ya sukari, na hakuna ajuaye litabaki pale hadi lini.

Enda leo. Basi la Makunduchi litakungoja.