Kiango wa Vitabuni na Kiango wa Kwenye Daftari

Askari wengi waliowahi kukesha zamu na kitabu mfukoni wanamfahamu Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa. Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, akafariki mwaka 2008. Wengine huamini kwamba jina Kiango alilibuni yeye. Sivyo. Mwaka 1973 S. D. Kiango, akishirikiana na T. S. Y. Sengo, alikwisha kutoa kitabu cha uhakiki, Hisi Zetu. Neno lenyewe ni la nyumbani: kiango ni kitu cha kuwekea taa. Naye mwenzi wa Joram anaitwa Nuru. Sidhani kuwa ni bahati tu.

Sasa tulifuate jina hilo hadi Malawi. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa watu 10,000 hivi, nayo leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila kona.

Tuseme mmoja wao anaitwa Kiango. Akilitaja jina hilo kwa mzee aliyesoma riwaya, ataulizwa Nuru yuko wapi. Akilitaja Lilongwe kwa karani asiyejua Kiswahili, hakuna atakayecheka; lakini huenda likaandikwa Chiango, maana ki- yetu katika Kichewa ni chi-. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warejee Dzaleka, na polisi wakawakusanya. Katika msako wa namna hiyo, karatasi isiyolingana na kinywa cha mwenyewe huzaa shaka, na aliyedhaniwa anajitania kwa jina la kitabuni huonekana mwongo. Heri anayeandika amsomee mwenye jina alichokiandika, herufi kwa herufi, kabla ya kufunga daftari.

Liko na jambo zito zaidi. Kwa desturi ya Warundi na Wanyarwanda, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si lazima la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Askari wa kizuizini asiwatenganishe kwa sababu hiyo. Amwulize kwanza mama aliyewazaa.