Baiskeli Moja, Wenyeji Mia



Wako watu wawili ambao kila apitaye anajiona ana haki ya kuwapa shauri: baba aliyepata mtoto wa kwanza, na mtu asafiriye peke yake kwa baiskeli. Mwenye gari hupita, likabaki vumbi lake. Hakuna awezaye kumwuliza neno. Bali mtu wa baiskeli, au kinga kama tusemavyo huku Kivu, huenda polepole kiasi cha kutosha kuulizwa atokako, aendako, na sababu ya kumwacha mkewe nyumbani.

Hayo niliyaona mwaka 2019, nilipotoka Lwiro kwenda Goma kwa njia ya Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake. Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa shwari upande wa kuume. Barabara yenyewe haina utulivu huo: hupanda, hushuka, kisha hupanda tena kana kwamba imesahau kitu huko juu.

Kabla sijafika Kalehe, mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya njia aliinua mgongo akauliza, “Baba, gari lenu limewafia wapi?” Nikamjibu kwamba sina gari. “Basi wenzako wako wapi?” Nikasema nimetoka peke yangu. Akanitazama kwa huruma nyingi, akaingia nyumbani, akaniletea viazi vitamu. Kwa hesabu yake, mtu asiye na gari wala wenzake hawezi kuwa na chakula.

Kule Kalehe nililala kwa katekista mmoja. Nikala bugali na sombe, nikashiba, nikashukuru. Kumbe jirani aliona si haki mgeni wa mtaa mzima aliwe na nyumba moja tu! Nikaitwa, nikala tena. Katika nyumba ya tatu kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa, na kwetu kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, mgeni hana tena la kusema. Asubuhi baiskeli ililia chini yangu, kwa maana ilibeba mtu mzito kuliko yule wa jana.

Karibu na Nyabibwe gurudumu la nyuma likatoboka. Mara wakatokea watoto wapatao ishirini, na kila mmoja alikuwa daktari wa baiskeli. Fundi alikuja na gundi na kiraka, lakini pasipo maji hatukuweza kuona mahali mpira unapovuja. Hapo mama mmoja mwuza sambaza aliwamwaga samaki wake juu ya jani la mgomba, akatoa beseni lake. Sambaza hao nao ni wageni: walitolewa Ziwa Tanganyika wakatiwa katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanatulisha, wala hakuna awaulizaye kabila. Tundu likaonekana, likazibwa. Ila mpira ulishika harufu ya beseni, na jioni ile paka wa Minova walinisindikiza kama watu wanaompokea askofu.

Siku ya mwisho, baada ya Sake, nilipitwa mteremkoni na chukudu, ule mkokoteni wa mti wenye magurudumu mawili, usio na mnyororo wala pedali, umejaa magunia ya makaa. Mwenyewe aligeuka akaniambia kwa upole, “Kaka, ukichoka tutaipandisha kinga yako juu ya magunia.” Mji wa Goma umemjengea mtu wa chukudu sanamu, nami nasema anastahili.

Tena mbele yangu alikuwako msafiri mkubwa zaidi. Kazimierz Nowak, Mpolandi, baba wa watoto wawili, aliondoka kwao mwaka 1931, wakati kazi ilipokuwa haba, ili picha na makala zake zilishe jamaa yake. Alitoka Tripoli kwa baiskeli, akapita Kongo na Rwanda, akafika mwisho wa Afrika ya kusini mwaka 1934. Kisha akarudi kaskazini kwa farasi, kwa mtumbwi, kwa miguu na kwa ngamia, akafika Algiers mwaka 1936: jumla ya kilometa zipatazo 40,000. Mwaka uliofuata akafa, naye ana miaka 40 tu. Watu humwita msafiri wa peke yake. Lakini fikirini: miaka mitano, bila mtu wa kumwonyesha maji, bila mlango wa kumfungukia usiku, angefika wapi?

Basi hilo ndilo neno langu la leo. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikafika Kavumu na Bukavu. Katika barabara ile ile niliyochekwa na kushibishwa, watu wengi wakawa wasafiri bila kupenda, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Tangu hapo, mtu akibisha hodi jioni, moyo wa mwenye nyumba hushtuka kwanza. Hofu hiyo si dhambi. Mwulizeni mgeni jina lake, mpelekeni kwa nyumbakumi au kwa padri, ajulikane. Lakini mpeni maji kwanza. Wale wanafunzi wawili wa Emau hawakumjua yule aliyefuatana nao. Kama wasingalimshurutisha abaki kwao jioni ile, asingaliumega mkate mbele yao, nao wasingalimtambua.

Wazazi, watoto wetu hawatajifunza ukarimu darasani kwangu, hata nikiuandika ubaoni kila siku. Wataujifunza mlangoni penu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kama mgeni huyo amekuja na baiskeli, mwacheni ale, alale. Habari za mkewe mtamwuliza asubuhi.