Kadi ya chuo ikifa je?

Nimerudi juzi kutoka home Mikumi na kuna kitu kimenikaa kooni.

Huku chuo tumezoea kadi ya NHIF, 50,400 kwa mwaka, ukiumwa unaenda nayo dirishani. Ukimaliza chuo na kadi imekwisha. Ajira za ualimu mnazijua wenyewe, wengi tutajiajiri tu: tuisheni, boda, nyanya za Dumila.

Dada yangu anauza chakula kwa madereva wa malori pale barabarani. Hana bima. Mwanae alipolazwa aliuza masufuria mpaka jiko, biashara ikafa. Nikamwambia, CHF iliyoboreshwa ilipokuja mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilikuwa 30,000 kwa mwaka. Akacheka: "Mdogo wangu, 30,000 nzima naitoa wapi siku moja?" Lakini mchezo anacheza, 2,000 kila siku, na hakosi!

Pigeni hesabu, 30,000 ni kama shilingi 82 kwa siku. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, sawa, ila mimi naona mama ntilie wa Mikumi akusanyiwe kidogo kidogo kwa simu kama mchezo, na mkulima wa Kilosa alipe akishavuna. Na sisi tuache kukimbilia kadi tukishaugua. Toto Afya ya mtoto mmoja mmoja ilisimamishwa 2023 kwa sababu hizo hizo, wazazi walileta wagonjwa tu.

Dada nimemwachia kibubu. Keshaweka mia tano, tuone.